Kumtoa Mtu Katika Picha

Watu wengi hudhani kuwa kumtoa mtu katika picha kwa kompyuta ni kazi ya mkasi tu: zungusha mstari, kata, basi. Kwa mwenye kipara huenda ikawa hivyo. Lakini nywele hazina mpaka mmoja.

Likizo iliyopita shangazi alitaka sura ya marehemu bibi peke yake, naye picha yake ya pekee ni ya arusini, amesimama kati ya watu. Fundi mmoja alimkata kwa mstari mkali, bibi akatokea kama aliyenyolewa. Shangazi aliikataa.

Niliifanya upya kwa GIMP, programu isiyouzwa, ambayo wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, waliianza mwaka 1995. Humo kila nukta ya picha huchaguliwa kwa kiasi, tangu 0 hata 255: penye nyeusi hufichika, penye nyeupe huonekana, penye kijivu huonekana nusunusu. Nywele za pembeni ndipo mahali pa kijivu. Iko amri ya kulainisha ukingo wote kwa mara moja, nami siipendi, maana hulainisha hata bega, na bega la mtu si moshi. Afadhali kuikuza picha na kupaka kijivu penye nywele tu, kwa brashi ndogo. Kisha weka rangi nzito nyuma yake. Mabaki ya ukuta wa zamani yatajitokeza kama utando, uyafute.

Kazi ilichukua siku mbili. Shangazi alipitisha kidole pembeni mwa nywele, akasema, "Huyu ndiye mama."