Mtutu wa pili

Mjomba wangu wa Kongwa ana bunduki yenye leseni: CZ 455 ya .22 Magnum, iliyotengenezwa Ucheki. Sasa anataka kuiongezea mtutu wa .17 HMR. "Hiyo si bunduki nyingine, mpwa wangu. Ni kama jembe, unabadilisha mpini tu."

Kwa ufundi hajakosea. Mtutu wake umeshikwa na skrubu mbili, ukizilegeza, unachomoka. Risasi ya .17 HMR, iliyoingia sokoni 2002, imetokana na ganda la .22 Magnum la 1959 lililobanwa shingo. Kitako cha ganda hakikubadilika, na pini inagonga ukingo uleule. Unafunga mtutu mpya, unapanga shabaha upya, basi.

Ila mfano wa jembe kaugeuza. Mpini ni kile kipande cha mti kinachokaa begani. Mtutu ndio bamba lenyewe. Hata gobore la kienyeji huanza na bomba. Mti hupatikana popote. Tena mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu huiachia kila risasi alama zake, na ni alama hizo ambazo wapelelezi huzitafuta mtu akipigwa risasi. Mwenye mitutu miwili ana sahihi mbili. Na ule unaochomolewa haupotei, unalala kabatini, kwenye nyumba yenye wajukuu.

Nimemwambia, "Mjomba, kabla hujatoa hela, twende polisi tukaulize unaandikwaje."

Akacheka. "Nyie waandishi bwana!"

Hajanunua. Wala hajaacha kuulizia bei.