Karatasi Inasema Niko Mzima

Maumivu ya neva yana aibu zake ndogondogo. Kwangu yalianzia kwenye malapa. Nilitoka nyumbani kwenda kumfungua ng'ombe, nikarudi, mjukuu akaniangalia miguuni: "Kuka, lapa lingine liko wapi?" Lilikuwa limenitoka katikati ya boma, nami nimekanyaga matope na mabua ya mahindi bila habari. Usiku huo, nyayo ambazo mchana hazikusikia mabua zilishindwa kuvumilia hata uzito wa shuka. Ukiambiwa kwamba mguu uliokufa ganzi ndio huohuo unaowaka moto, utadhani unadanganywa. Lakini ndivyo ulivyo.

Mimi nilianza dawa za HIV enzi za stavudini. Wakongwe wa kliniki wanaikumbuka ndani ya Triomune, kidonge kimoja chenye dawa tatu kilichotengenezwa na kampuni ya Cipla ya India. Februari 2001 Cipla ilijitolea kuuza dawa za aina hiyo kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, wakati bei ya kampuni kubwa za Ulaya na Marekani ilikuwa inapita dola 10,000. Mwaka huohuo Bunge letu la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua mlango kwa dawa nafuu, na kule Eldoret ukaanza mpango wa AMPATH, wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo rafiki vya Marekani. Baadaye ulifika Kitale, Webuye, hata Naitiri hapa jirani. Mwaka 2006 serikali ikaondoa malipo ya dawa hizi katika hospitali za umma. Kabla ya hapo, huku kwetu Tongaren, Jumamosi ilikuwa siku ya kuzika. Seremala hakuwa na nafasi ya kutengeneza viti.

Kwa hiyo stavudini ilitutoa kaburini, na hilo sitalikana hata miguu iwake vipi. Ila dawa hiyo hiyo huharibu mitokondria, vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, na neva ndefu kuliko zote, zinazotoka kiunoni hadi vidole vya miguu, ndizo huishiwa kwanza. Ndiyo maana maumivu huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha yanapanda taratibu kama soksi inayovutwa. Watafiti waliowachunguza watumiaji wa stavudini waliona kuwa wenye umri mkubwa na watu warefu ndio waliodhurika zaidi. Mimi ni mrefu. Miaka yote nimesifiwa kwa kuangua maparachichi bila ngazi, kumbe sifa hiyo ina bili yake.

Si dawa peke yake. Virusi vyenyewe hushambulia neva, na wako waliowaka nyayo kabla hawajameza kidonge hata kimoja. Pombe huongeza, sukari huongeza. Dawa ya kuzuia TB, isoniazidi, nayo huchoma neva za mtu asiyepewa vitamini B6 pamoja nayo. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane na stavudini kwa sababu madhara yake hukaa muda mrefu na mengine hayarudi nyuma. Tukahamishwa. Leo tunameza kidonge cha tenofovir, lamivudini na dolutegravir, na sina ugomvi nacho. Miguu yangu tu ndiyo ilibaki huko nyuma.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe linaloniumiza kichwa. Kila ninapopimwa vairo lodi, karatasi inarudi na habari njema: virusi havionekani. Nafurahi, kwa sababu najua maana yake. Hata mwenzangu wa nyumbani yuko salama nami. Lakini hakuna maabara inayotoa karatasi ya maumivu. Niliwahi kumwambia mhudumu mmoja kwamba silali, akanijibu bila ubaya wowote, "Mzee, shukuru uko hai." Ningemjibu nini? Nashukuru kila siku. Nilizika ndugu ambao kidonge hiki kiliwachelewa. Ila nimekuja kuona kwamba shukrani ya namna hiyo humfunga mtu mdomo. Aliyeokolewa huona kama hana haki ya kuulizia chumvi katika mboga aliyopewa bure, akiogopa ataonekana mkorofi. Na anayeficha hali yake kwa majirani ana sababu ya pili ya kunyamaza: nyayo zikitajwa, maswali yatafuata. Basi tunasema ni baridi yabisi. Ukitusikiliza, utadhani Tongaren nzima ina baridi yabisi.

Aliyenifungua mdomo alikuwa sista mmoja mwenye chuma chenye meno mawili, kile ambacho ukikigonga kinatetemeka. Alikigonga kwenye kiganja chake, akakisimamisha juu ya kidole changu kikubwa cha mguu.

"Mzee, niambie kikiacha kutetemeka."

"Sista, hakijaanza."

Hakucheka. Alikipeleka kwenye kifundo cha mguu, kisha chini ya goti, na pale nikakisikia kikivuma. Akaandika. Uchunguzi wenyewe ulikwisha kabla uji wa wenzangu nje haujapoa, na ndio uliofanya maumivu yangu yawe kitu kilichoandikwa kwenye faili.

Nilipewa amitriptilini kidogo ya kumeza usiku. Kijana wangu alisoma jina kwenye simu akashtuka: hii si dawa ya wenye msongo wa mawazo? Ni yenyewe. Nikampa na habari nyingine: majaribio mawili yaliyochapishwa Marekani mwaka 1998 hayakuiona ikizidi kidonge kitupu kwa maumivu haya ya HIV. Pamoja na hayo, mimi hulala, asubuhi naamka na kinywa kikavu. Sijui ni dawa au ni kule kuaminiwa, na msimu wa kupanda sina muda wa kubishana na usingizi.

Mengine nimejifunza shambani. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, maana mguu unaweza kuungua bila kukupa taarifa. Gamubuti nazikung'uta kabla ya kuvaa. Punje moja kavu ya mahindi inatosha kutoboa nyayo mchana kutwa. Jioni mjukuu hukagua nyayo zangu kwa tochi ya simu, na hulipwa kwa hadithi.

Kwenye kikundi chetu cha kliniki nimekuwa msumbufu: nauliza watu habari za miguu kabla ya habari za mvua. Majuzi mama mmoja, mpole, wa kukaa nyuma, alisema vidole vinamchoma tangu aanze ile dawa ya kuzuia TB. Sista akafungua faili lake: vitamini B6 haikuwa imeandikwa. Akapewa siku hiyohiyo na kupangiwa kurudi mapema. Tulipokuwa tukisubiri boda nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anapaka mafuta ya baridi yabisi, na chupa ya pili ndiyo kwanza ameifungua.