Mtafute Aliyeandika

Niliuacha uongo ukae kwenye tovuti yangu baada ya kuambiwa kwamba ni uongo. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa sheria, na utetezi wenyewe ulikuwa mbovu.

Mwaka 2019 nilikuwa naendesha tovuti ndogo ya habari za Tanga, na wasomaji walikuwa huru kuandika humo kwa majina ya bandia. Mmoja akaandika kwamba mama lishe fulani, akamtaja kwa jina na mtaa, anapikia watu nyama ya kibudu. Anayeijua Tanga hahitaji kuelezwa tuhuma hiyo inamfanya nini muuza chakula. Mama mwenyewe akanipigia simu. "Mwanangu, nyama nanunua buchani, kila mtu ananiona. Nakuomba uyatoe hayo maneno." Nikamjibu kwa adabu zote: "Mama, si mimi niliyeandika. Mtafute aliyeandika."

Angempata wapi? Mwandishi alijifunika kwa jina la bandia, na mimi ndiye niliyeahidi kutomtaja. Nilimtuma mama wa watu akamtafute mtu niliyemficha mwenyewe.

Kichwani nilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya 1996, kinachosema mwenye tovuti hahesabiwi kuwa ndiye mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake. Nilikuwa nimesoma kesi ya Kenneth Zeran wa Seattle. Aprili 1995, siku chache baada ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168, mtu asiyejulikana aliweka kwenye huduma ya mtandao ya AOL matangazo ya fulana zenye maneno ya kukejeli maafa yale, akaandika na namba ya simu ya Zeran. Watu wakampigia kumtukana na kumtishia, ikafika wakati simu inaita kila baada ya dakika mbili hivi, na namba hakuweza kuibadilisha kwa kuwa ndiyo aliyofanyia biashara. Aliwaarifu AOL. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ikaamua kwamba AOL haiwajibiki, hata kama iliarifiwa. Niliisoma kesi hiyo kama ushindi wetu sisi wenye tovuti. Yule mtu aliyekuwa anapokea simu sikumfikiria hata kidogo.

Hoja ya mahakama ina uzito, na naikubali mpaka leo: kila lalamiko likizaa dhima, mwenye tovuti atafuta chochote kinacholalamikiwa, na wenye nguvu ndio watakaolalamika zaidi. Lakini ile ni sheria ya Marekani. Kwetu, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zile zile nilizolipia leseni, zilitaka lalamiko lishughulikiwe ndani ya muda wa saa 12, na mwaka 2020 muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa ukapunguzwa hadi saa mbili. Nilizijua. Nilizipuuza kwa sababu niliziona zimetungwa kutubana, jambo ambalo bado naamini lina ukweli ndani yake. Yule mama hakuzitunga yeye.

La pili ni Maxence Melo. Desemba 2016 alikamatwa, kisha yeye na mwenzake Mike Mushi wakashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, baada ya jukwaa lao la mtandaoni, JamiiForums, kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Nilimwona shujaa na bado namwona hivyo. Nikajiaminisha kwamba kila neno ninalokataa kulifuta ni sehemu ya mapambano yale. Melo alikuwa anawakinga watu walioandika tuhuma dhidi ya makampuni. Mimi nilimkinga mtu asiye na ushahidi wowote dhidi ya mama mwenye banda la chakula. Tena kulificha jina la mwandishi na kuyaacha maneno yake hewani ni mambo mawili tofauti. Ningeweza kuitunza ahadi yangu na bado nikayafuta maneno yale siku ile ile.

Lipo na lingine ambalo halihusu sheria hata kidogo. Habari ile ilikuwa inasomwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na matangazo hulipa kwa kufuata wasomaji. Niliiona idadi ikipanda huku mama akinipigia tena na tena. Sikutaka kuitoa.

Nilipokuja kuifuta, wateja walikuwa wameshahama, na picha za ukurasa ule zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ambako mimi sina uwezo wa kufuta chochote. Nikachapisha masahihisho kwa jina langu, nikaenda kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ni nani?" Nikamwambia niliahidi kutomtaja, ila akifungua kesi na mahakama ikaniamuru, nitasema. Hakufungua. Kesi inataka fedha, na banda lilikuwa limeshafungwa.