Mbwa Jike Akitoa Uchafu Wakati Joto Limeshapita, Usiseme "Ndo Hali Yake"

Kuna dada mmoja huko Mbezi anaishi na binti yake na mbwa wao jike, miaka saba sasa. Mbwa mwenyewe mkali, getini hapiti mtu. Basi siku moja akaanza kutoa majimaji mazito ya kahawia, yananuka. Kila aliyeulizwa akajibu lilelile: "Yuko kwenye joto huyo dada, mfungie tu ndani."

Binti ndiye aliyekataa. Joto lilishapita wiki tano nyuma, na anakumbuka vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafukuza madume kwa mawe.

Binti alikuwa sahihi. Mbwa jike wengi huingia kwenye joto kama kila baada ya miezi sita hivi. Uke unavimba, damu inatoka, halafu baada ya siku kama 9 inakuwa nyepesi, na hapo ndipo anakubali dume. Kwa kawaida yote huisha ndani ya wiki 2 hadi 3. Aliyetoka kuzaa naye hutoa uchafu, mwanzoni wa kijani cheusi, kisha wa kahawia, ukipungua siku hadi siku bila harufu mbaya. Lakini uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, na mtoto haonekani, hiyo ni dharura.

Huyu wa Mbezi hakuwa na mimba wala hakuwa amezaa. Alikuwa hali chakula, amelala tu, na bakuli la maji likijazwa linaisha palepale. Daktari wa mifugo aliposikia habari ya maji, akaacha kuandika, akampima kwa ultrasaundi. "Dada, mfuko wa uzazi umejaa usaha."

Inakuwaje? Joto likipita, awe amepandwa au hajapandwa, mwili wa mbwa hubaki na homoni ya mimba kwa takriban miezi miwili. Homoni hiyo inanenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kuutuliza usijikaze. Bakteria wakishaingia, wamepata nyumba. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, usaha unatoka na mwenye mbwa anauona. Ukifunga, hakuna kinachotoka nje, tumbo linajaa, na hiyo ndiyo hatari zaidi.

Kisha daktari akauliza: "Amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia joto?" Dada kimya. Kumbe jamaa mmoja anayepita mitaani alishamchoma, sindano ileile ya uzazi wa mpango ya akina mama, kwa bei poa. Dawa za aina hiyo hufanya kazi kama homoni ya mimba, ndiyo maana zinaongeza uwezekano wa ugonjwa huu.

Tiba ya uhakika ni upasuaji, kutoa mfuko wa uzazi na mayai yake. Majirani wakacheka: hela yote hiyo kwa mbwa? Dada akahesabu alichokuwa ameweka kwa ajili ya kodi, akamwangalia binti yake, akalipa. Mbwa akapasuliwa jioni ileile, akapona. Angetolewa kizazi akiwa mdogo, hata hiyo hela isingetoka.

Sio kila uchafu ni usaha, lakini. Damu inayodondoka miezi na miezi, na ndani kuna kinyama kama koliflawa, mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Huo hutibiwa kwa sindano, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo vaa glavu unapomsafisha, maana magonjwa mengine ya uzazi wa mbwa humpata hata binadamu. Usimpe panadol. Na andika tarehe ya joto ukutani, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya kitu kingine.

Haya wadau, nani hapa anakumbuka mbwa wake aliingia joto lini?