Kazi yangu ni kuipima mita yenyewe

Sisi huku kaskazini mwa Uingereza tunaendelea vema, baridi tu ndiyo imeanza kutung'ata.

Kila nikipiga simu naulizwa, "Hivi huko kiwandani unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu kwamba napima dira za maji, watu wanacheka: "Umepanda ndege hadi Ulaya kwenda kusoma mita!" Hapana jamani, sisomi mita. Mimi naipima mita yenyewe kabla haijafungwa nyumbani kwa mtu. Na kwa kuwa shangazi wa Tabata kanitumia picha ya bili yake na swali, "Mwanangu, hii mita inaniibia?", nimeona leo niwaeleze wote kwa pamoja.

Iko hivi. Dira mpya tunazifunga kwenye bomba moja refu, zikifuatana kama watoto wa shule. Maji yanapita ndani ya zote, kisha yanamwagikia kwenye tangi lililokaa juu ya mizani. Hatukadirii kwa macho, tunapima uzito. Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 ina karibu gramu 998, kwa hiyo mizani ikishatulia tunajua ni lita ngapi zimepita kweli. Halafu tunaangalia dira imesema ngapi. Tofauti hiyo tunaiandika kwa asilimia.

Wala hatupimi kwa mwendo mmoja tu wa maji. Dira ya nyumbani ninayoishika mara nyingi imetengenezwa kwa mita za ujazo 2.5 kwa saa, lakini inatakiwa iseme kweli hata yakipita maji kidogo sana, kama lita 16 kwa saa. Hapo dumu la lita 20 litajaa baada ya saa moja na robo! Ni bomba lile linalotiririka uzi mwembamba usiku kucha nanyi mmelala.

Kanuni za kimataifa, OIML R 49 na ISO 4064, zinairuhusu dira ya aina hii ikosee kidogo: asilimia 2 juu au chini kwenye mwendo wa kawaida, asilimia 5 kwenye ule mdogo kabisa. Hakuna kipimo kisichokosea. Lakini kuna kifungu kimoja nakipenda kuliko vyote. Kinasema kwamba kama dira inakosea upande ule ule mmoja kwenye miendo yote iliyopimwa, basi angalau kosa moja lisizidi nusu ya kile kinachoruhusiwa. Yaani kukosea unaruhusiwa, ila kuegemea upande mmoja muda wote hapana.

Mwezi uliopita kifungu hicho kilinitoa jasho. Lilikuja fungu la dira ambazo kila niliyoipima ilizidisha: asilimia 3 kwenye mwendo mdogo, 1.6 kwenye wa kati, 1.4 kwenye wa kawaida. Msimamizi akaniambia, "Zote zimo ndani ya mipaka, weka sahihi, lori linasubiri." Nami mkataba wangu ni wa miezi sita sita, mnajua maana yake. Nikamwambia sawa, zimo ndani ya mipaka, lakini zote zinamkamua mnunuzi wa maji, na hakuna hata kosa moja lililo chini ya nusu. Nikamfungulia ukurasa. Akausoma, akanyamaza, akaenda kupiga simu. Lori likaondoka tupu, dira zikarudishwa kurekebishwa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, tuombeane.

Mtasema asilimia moja na nusu ni kitu gani? Haya, piga hesabu. Familia inayotumia uniti 20 kwa mwezi, yaani lita 20,000, italipia lita 300 ambazo haikuziona. Ni madumu 15. Aliyewahi kubeba dumu kichwani toka kisimani anajua 15 ni mangapi. Na mwenye kulipia hawezi kuliona kosa hilo kwa macho, ndiyo maana lazima awepo mtu wa kulitafuta kwa niaba yake.

Sasa shangazi, turudi kwako. Siwezi kuihukumu mita kwa picha, ila fanya hivi. Kwanza funga mabomba yote, uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, huenda maji yanavuja mahali baada ya mita, si lazima mita iwe na kosa. Pili, kama maji kwenu ni ya mgao, sikiliza yanaporudi: hewa inayosukumwa kwenye bomba inaweza kuizungusha dira ya kigurudumu kabla hata tone halijatoka. Wanaolalamika kwamba wanalipia upepo si waongo. Tatu, ukitaka kujaribu kwa dumu, usiliamini dumu lenyewe, maana la lita 20 likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi. Lipime kwenye mizani ya dukani likiwa tupu, kisha likijaa. Kilo moja ni kama lita moja. Jaza madumu kumi, soma mita kabla na baada, uandike. Ikizidi sana, peleka karatasi hiyo mamlaka ya maji uombe dira ipimwe. Na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo hiyo, kuhakiki vipimo vya biashara, dira za maji zikiwemo. Ni haki yako wala si ugomvi.

Nisalimieni bibi, na mwambieni mjukuu wake kweli hasomi mita. Shangazi, nasubiri hesabu ya madumu kumi!

Pamoja daima.