Hakuna Anayetembea Dakika 37

Ukimuuliza mama wa kijijini anatembea dakika ngapi kufika kisimani, atakuambia nusu saa. Au robo saa. Siku aliyochoka atakuambia saa nzima. Hakuna atakayekuambia dakika 37, maana hakuna anayekwenda kuchota maji huku akitazama saa.

Ndiyo maana nilipofungua majibu ya mdadisi mmoja nikakuta 37, 22, 41, 18, 53, nilijua kabla sijampigia simu. Nilikuwa nakagua data za utafiti wa kaya, nimekaa ofisini Dar es Salaam, wenzangu wakizunguka vijijini na vishikwambi. Muda uliorekodiwa ulimaliza ubishi: dodoso la dakika 50 lilikuwa likijazwa kwa dakika sita, moja baada ya jingine, mahali palepale. "Dada, jua lilikuwa kali," aliniambia. Alikatwa posho, na mkataba ukaishia hapo.

Mtu anayebuni namba hujitahidi zisifanane na zisiishie na sifuri. Kumbe ukweli umejaa sifuri.

Mwaka 2021 Uri Simonsohn, Joe Simmons na Leif Nelson walichapisha uchambuzi wa utafiti maarufu wa 2012. Ulidai kwamba mtu akitia saini juu ya fomu, kabla ya kuijaza, husema kweli zaidi. Ushahidi ulitoka kwa wateja wa bima ya magari waliotaja maili zilizosomeka kwenye gari. Kwa kawaida wengi huendesha kiasi na wachache huendesha mno, kwa hiyo mchoro hutoka kama kilima. Huu ulikuwa bapa kuanzia 0 hadi 50,000, halafu ukakatika kama umepigwa panga. Na zile sifuri za watu wanaokadiria, zilizojaa kwenye namba za awali, hazikuwamo kwenye namba za baadaye. Jarida liliufuta mwaka huohuo. Utafiti wenyewe ulihusu uaminifu, jamani.

Njia nyingine, ya Nick Brown na James Heathers, ni hesabu ya shule ya msingi. Watu 20 wakitoa alama nzima, 1 hadi 5, wastani wao hauwezi kuwa 3.47. Zidisha: unapata 69.4. Nani alitoa hiyo 0.4?

Lakini huo ni uongo mtupu, nao una alama zake. Nisichokuwa na kipimo chake ni kilichotokea mwishoni mwa utafiti wetu. Tulitarajia vikundi vya kuweka na kukopa viwe vimeongeza kipato cha wanawake. Havikuongeza. Mtafiti mkuu akasimama nyuma ya kiti changu. "Hebu iondoe kata ile, mafuriko yaliwavuruga." Hakuna kitu. "Sasa chukua walioolewa tu." Hakuna. "Ondoa wenye maduka." Jaribio la tano, namba ikashuka chini ya 0.05. "Hapo! Hapo pazuri."

Hakuna namba iliyobuniwa. Kila mwanamke alikuwepo na alisema alichosema. Mwaka 2011 wale wachambuzi watatu walionyesha mchezo huo unaweza kukufikisha wapi: kwa data halisi "walithibitisha" kwamba kusikiliza wimbo wa Beatles, "When I'm Sixty-Four", kunampunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Niliandika ukurasa mmoja kueleza majaribio yote matano, nikaomba uambatishwe. Niliambiwa ripoti haina nafasi. Ilitoka na jaribio la tano peke yake, kana kwamba ndilo tulilopanga tangu mwanzo. Aliyejaza madodoso chini ya mti alikosa kazi. Huyu aliitwa kwenye kongamano.

Mfadhili alitaka data ziwekwe hadharani, na kuziandaa ilikuwa kazi yangu. Kata zote zimo, hata ile ya mafuriko, pamoja na amri za kompyuta za majaribio yote matano, kwa mpangilio wake. Mpaka naandika haya, hakuna aliyezipakua.