Kengele na Lokole

Sisi tukaao Bafwasende, katika barabara iendayo Mambasa, tunaijua vema sauti ya kengele. Hutuita asubuhi, adhuhuri na jioni kusali Malaika wa Bwana, hutuita Misa, hutulilia wafu wetu. Desturi hiyo ilikuja nchini kwetu pamoja na mapadre. Padre Gabriel Grison alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, karibu na maporomoko ya Kisangani, mwaka 1897.

Wengi hudhani kengele ni chuma tu. Sivyo. Mafundi huyeyusha shaba, sehemu nne hivi, na bati sehemu moja, wakamimina katika kalibu ya udongo. Nasi tunazo zote mbili: shaba ya Katanga, na bati ya Maniema na Kivu. Basi mali ya kengele si ngeni kwetu.

Wala kazi yake si ngeni. Kabla ya kengele, msitu na mto vilikuwa na lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Mdomo wake mmoja hutoa sauti ya juu, na wa pili sauti ya chini, kama lugha zetu zipandavyo na kushuka. John Carrington, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza, aliyefika Yakusu mwaka 1938, alijifunza ngoma hiyo kwa Walokele, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku hulia sawasawa katika ngoma. Ndiyo sababu mpigaji huongeza maneno: mwezi huwa ule uitazamao nchi kutoka juu, hata msikiaji asikosee.

Hapo ndipo zinapoachana. Kengele husema, “Mtu amekufa.” Lokole husema ni nani, ni mwana wa nani, na watu wakutane wapi. Kwa maana kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, na ndani yake limo jina la baba yake.

Nilipokuwa nikifundisha katika kijiji kimoja cha mtoni, chini ya Kisangani, niliwauliza wanafunzi maana ya kengele iliayo polepole. Mikono yote ikainuka. Nikauliza, “Nani ajuaye jina la ngoma la babu yake?” Mkono mmoja tu uliinuka, wa msichana aliyelelewa na bibi yake. Alisimama, akalisema lote bila kusita, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza.

Wengine husema kwamba mambo ya ngoma ni ya kale, hayamfai Mkristo. Kanisa halisemi hivyo. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, na ndani yake ngoma na nyimbo zetu zina mahali pake.

Basi, wazazi, kengele iko salama: ikipasuka, parokia itachanga fedha inunue nyingine. Lakini jina la ngoma, mzee akifa nalo, haliuzwi popote. Nanyi wanafunzi, chukueni daftari, mwende kwa babu na bibi jioni hii, mkaulize na kuandika. Kengele itatuita sote pamoja. Ni vema kila mmoja ajue pia aliitwaje na watu wake.